Ubao wa Tufaha

Kila mfungo sita wageni hushuka gatini na mabegi yao,
huniuliza kaburi la Maalim Lali bin Bunu liko wapi.
Nawaonyesha: lile la kitambaa cha kijani,
linalonukia udi hata siku isiyochomwa udi.
Wanasoma fatiha, wanapiga na picha.
Ubao hawauulizii.

Mimi ndimi mfuta mchwa wa kabati la vitabu,
kwa mafuta ya taa na kipande cha kanzu kuukuu.
Kila ukurasa uliotobolewa naujua.
Na habari naijua kama bibi alivyoipokea kwa mamake,
jikoni, nazi ikikunwa,
si kama isemwavyo kwenye kipaza sauti.

Kwenye kipaza sauti husemwa:
Maalim aliota, akaamka, akawafungulia watumwa chuo.
Jikoni husemwa:
Hakuota. Alisikia.

Alfajiri, Mkomani. Ndani ya msikiti wana wa waungwana
juu ya mkeka wa miyaa, matumbo yana mkate wa mofa.
Nje, nyuma ya ukuta wa matumbawe,
Tufaha anajaza birika watu watawadhe;
yeye huswali uani, ubavuni mwa punda.
Mtoto wa Bwana Famau akakwama
kwenye habari ya yule kipofu
aliyekuja kuuliza, akakunjiwa uso.
Akarudia. Akakwama. Bakora ikainuka.
Na ukuta ukamalizia aya.

Sauti ya kike, kavu, isiyo na pupa,
kila madda kwa urefu wake, kila ghuna puani pake,
kisha ndoo ikagonga jiwe
na maji yakaendelea kumwagika.

Maalim akatoka, mguu mmoja una mtalawanda, mmoja mtupu.
"Nani amekufunza?"
"Wewe," Tufaha akasema. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Usidhani alikuwa shujaa siku ile.
Alirudi ndani, akafunga dirisha.
Siku arubaini dirisha lilifungwa, joto likawatoa watoto jasho,
naye akisomesha kwa sauti ya chini, kama mwizi.
Bibi hakupenda niziruke hizo siku arubaini.
"Naye pia alikunja uso," akisema, "usimwoshe mno."

Ya arubaini na moja akauza kiti chake cha mpingo,
kile chenye njumu za pembe mgongoni.
Akanunua mbao kumi na nne na wino,
akaketi mchangani Langoni, chini, juani,
pamoja na Feruzi mchukuzi wa boriti,
na Mabruki, na Sikudhani aliyekuwa akichoma chokaa,
nyusi zake nyeupe kama za mzee.
Tufaha mbele.

Mji ukachafuka.
Wakubwa wakasema elimu ni kilemba
na kichwa cha mpagazi kina kata.
Wakawatoa wana wao, wakaikata sahani ya Ijumaa,
wakauliza matari yale yanapigwa kwa fatuwa gani.
Maalim hakuwajibu. Koo lilikuwa limemkauka
kwa kuwatamkisha alifu watu wa miaka hamsini.

Ndivyo lilivyoanza jambo ambalo yeo
lina bendera, na kamati, na ugomvi wa kamati.

Kaburi la Tufaha halijulikani.
Wako wasemao liko chini ya duka la mabomba ya maji.
Bibi alicheka hadi akashika ubavu:
"Hata huko, maji!"

Ubao wake ninao mimi. Pembe moja imepasuka.
Mbele hauna neno: ulioshwa, maji yake yakanywewa,
ndiyo ada.
Lakini ugeuze.
Nyuma kuna mikwaruzo ya msumari, hesabu ya ndoo,
tano tano, safu saba,
na baada ya ndoo ya mwisho, herufi moja, ain,
kazi ya mkono uliozoea kamba:
kubwa mno, imelala upande,
wazi kama jicho.