Visanduku Viwili vya Ruwi

Sijo kaviweka juu ya kioo cha kaunta
viwili, kama mshenga anayeposea ndugu wawili kwa safari moja:
huyu mpole, yule ana nguvu.
Chagua, mama.
Nami nimetoka Ibra alfajiri,
mkobani orodha ya Muzna:
kompyuta nne, ndogo, zisile meza,
zisizidi riyali mia na sitini kila moja,
na tafadhali, zisituunguze miguu.

Za zamani bado tunazo.
Minara myeusi chini ya meza,
imemeza vumbi la miaka kumi na mmoja.
Ukiiwasha inakohoa, inatulia, inakohoa tena,
halafu inanguruma kutwa
kama gari la maji linalopanda kilima.

Cha kwanza ni kama bati la halua,
la nusu kilo, si la kilo.
Hakina feni. Nikakitegea sikio, nikadhani kimezimwa.
Kinafanya kazi hicho, mama, akasema Sijo,
na macho yake yakajaa fahari ya baba wa mtoto asiyelia.
Kinabandikwa mgongoni mwa skrini,
meza inabaki ya karatasi na chai.
Umeme wake ni wa taa moja.
Ila hakifunguki:
kumbukumbu imechomelewa humo humo,
kilichozaliwa nacho ndicho kitakachozikwa nacho.

Cha pili kinene, kama kitabu cha simu cha enzi zile.
Nyuma kina parafujo moja, unaizungusha kwa vidole,
kifuniko kinateleza, na ndani mna nafasi mbili za kumbukumbu:
moja ina mwenyewe,
moja inangoja tutakapopata pesa.
Na feni, ndogo kama kifungo cha koti,
inapuliza taratibu
kama mtu anayepoza chai ya mgeni.

Mia na hamsini na mbili, cha kimya.
Mia na hamsini na nane na nusu, hiki.
Riyali sita na nusu, mara nne.
Nimeshapiga hesabu, nimeshafungua pochi,
nimeshakiita cha kimya changu.

Ndipo nikaikumbuka Jumatano.

Jumatano wanawake hutoka sokoni kwao
wakapitia kwetu, ofisi ya sanadi, na vikapu vyao.
Chumba mita nne kwa tano. Viti saba, havijapata kubaki vitupu.
Bi Rayya alikaa mbele ya Muzna,
akainama hadi shela ikagusa kibodi,
akauliza jina la mume linafutwaje kwenye leseni ya duka
kabla mume hajajua.
Nilikuwa meza ya pili. Nilisikia mnguruma tu.
Baada yake kijana wa Sylhet,
kitambulisho kimekwisha miezi mitano,
akaitaja faini yake kwa sauti ya mtu anayekiri,
na mnara ukakohoa juu ya ile tarakimu.

Karatasi ya sifa ya Sijo ina kasi, ina bandari sita,
ina waranti ya miaka mitatu.
Haina mahali pa kuandika
nani amekaa kiti cha nyuma, anasikiliza.

Vyenye feni, nikamwambia. Vinne.
Akashangaa. Watu huongeza pesa wapate kimya.
Watu gani? nikamuuliza,
akacheka, akaandika risiti.

Leo ni Jumatano tena.
Vipya vinakwenda mbio, fomu inafunguka kabla sijanyanyua kikombe.
Muzna asubuhi kavizunguka vyote, sikio chini, midomo kaibana:
Hii feni? Hii ni pumzi ya paka.

Basi mnara mmoja tumeuacha,
chini ya meza ya katikati.
Hauna skrini, hauna kibodi, hauna hata waya wa mtandao.
Ikifika saa tatu, Muzna anauwasha kwa kidole cha mguu,
unakohoa, unatulia, unakohoa,
na Bi Rayya anasogeza kiti.