Nembo

Aliileta imekunjwa ndani ya kiroba cha korosho,
Chinatsu, yule binti wa Kijapani
aliyekuja Newala kuhesabu ubwiriunga kwenye majani ya mikorosho.
Walikuwa wanapiga picha pale Shimo la Mungu,
picha ya kupeleka chuoni kwao,
upepo ukapanda kutoka Ruvuma ukaondoka na kona nzima.
"Fundi, bendera hii imenizidi umri."
Nikaitandaza juu ya meza, nikaizuia kwa pasi.

Rangi kwanza.
Nikasema: zambarau.
Zambarau, ndiyo, akasema, ila siyo hiyo.
Nikamtolea kitenge, nikamtolea bitana ya koti,
nikamtolea kipande cha gauni la Somoe, aliyefiwa
na hajarudi kulichukua.
Nikamwonyesha hata ulimi wa mtoto wa jirani
aliyetoka kula zambarau zenyewe.
Siyo. Siyo. Huo umezidi wekundu.
Kwao rangi hiyo ina namba yake kwenye karatasi,
na wazee waliohitimu zamani huandika barua za hasira
ikififia kidogo tu.
Nilitaka kucheka.
Nikakumbuka harusi ya mdogo wangu,
sare ya shangazi mmoja ilivyopishana na za wenzake kwa nukta,
akala pilau peke yake jikoni.

Tuliipata kwenye joho kuukuu la kwaya ya Anglikana,
ndani ya pindo,
ambako jua halijawahi kufika.

Kisha nembo.
Mabawa mawili meupe, na kati yake maandishi
yaliyokatwa nusu kama mkate.
Akanichorea kwa chaki nusu iliyopotea.
Nikaanzia chini, cherehani inavyopenda.
"Hapana!" Mkono wake juu ya gurudumu.
Mstari huu kwanza. Halafu huu.
Juu kushuka chini, kushoto kwenda kulia.
"Nikimaliza, nani atajua nilianzia wapi?"
Bibi Nantende, aliyekuwa mlangoni akipukuchua mbaazi,
ndiye aliyejibu:
"Watajua."

Bibi yangu ana miaka tusiyoijua.
Usoni ana mistari iliyopindwa kama viwiko,
paji, mashavu, kidevu,
mkaa uliosuguliwa kwenye damu ukageuka buluu.
Nimeishi na mistari hiyo
kama mtu anavyoishi na ukuta wa nyumba yake.
Chinatsu akaweka chaki chini.
"Hii mnaiitaje?"
"Nembo," akasema bibi.
Nikatazama bendera.
Neno hilohilo nimelishona kwenye mifuko ya mashati ya shule,
nimelisoma kwenye magunia na mihuri,
sikuwahi kulipeleka hadi kwenye uso ulionilea.

Akasimulia, si kwa urefu.
Aliyemkata alitoka Kitangari, na alianza na paji.
Angeanza na kidevu, alisema bibi,
ningekimbia, na paji lisingepata kitu.
Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika.
Baadaye wakaja kutuambia ni ushamba.
"Mama yako hakukatwa. Wewe una cheti cha ufundi ukutani."
"Lakini wewe hukuchagua, bibi."
"Na huyu alichagua?" Akaielekezea bendera kidevu chake.
Chinatsu alifikiri sana.
"Nilitaka chuo kingine," akasema. "Nilifeli."
Akaipapasa ile zambarau kwa kidole, taratibu,
kama mtu anayepima homa ya mtoto wake.

Nikashona. Huu kwanza, halafu huu.
Nilimtajia elfu saba, akaacha kumi.
Upande wa nyuma, penye mafundo,
nimepitisha mshono mmoja uliopindwa kama kiwiko.
Hakuuona. Au aliuona.
Kipande cha joho kilichobaki bibi alikiomba,
anafungia hela zake.