Kutu ya Tangsteni

Pampu ilivuja usiku wa Jumamosi, hapa Košice,
theluji ikiwa imefika vizingiti vya madirisha,
na tanuru likavuta hewa ambayo hakuna aliyeialika.
Jumatatu nikakuta kipande changu cha tangsteni
kimevaa kutu ya manjano, kama kimepakwa bizari,
na pembeni, ukucha ulipokwaruza,
uzi wa buluu.

"Tupa," alisema Daktari Ľudovít, hata kofia hajavua.
Sikutupa. Mimi ni fundi tu, Drahomíra wa ghorofa ya chini,
lakini bei ya kila gramu naijua.

Tangsteni safi ni mbishi. Umeme ukiingia
unasukumwa, unapigwa vikumbo, unatoka jasho:
ndivyo balbu inavyowaka, kwa ugomvi.
Kutu yake haigombi. Imefunga mlango, basi.

Nikabandika waya nne, nyembamba kuliko unywele,
nikakizamisha kwenye heliamu.
Mshale ukashuka polepole, kama kawaida yake,
kisha
sikuuona ukishuka. Ulikuwa juu; ukawa sifuri.

Wapi? Si ndani ya metali. Si ndani ya kutu.
Ni kwenye ule uzi, nadhani,
pale mliwa na mlaji wasipojuana tena,
elektroni zilipita mbili mbili
wala hakuna aliyezidai ushuru.

Bibi yangu Piroška alizaliwa, akaolewa, akafa
katika nyumba ile ile moja,
na nchi nne zikampitia mlangoni.
Kuku aliwahesabu kwa Kihungari,
akawafukuza bustanini kwa Kislovakia.
Karani wa sensa alipomuuliza ni wa wapi,
alisema, "Wa hapa," akaendelea kumenya viazi.

"Waya zimegusana," alisema Ľudovít.
Tukarudia. Sifuri.
Akavua kofia, akaishika kifuani kama yuko msibani.
Tukarudia tena, na safari hii
buluu ilikuwa imeshaliwa, manjano tupu,
mshale umekaa juu, haubanduki.

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa miti ya plamu inachanua
na kila Jumamosi, watu wakishaondoka,
naivujisha pampu kwa mkono wangu mwenyewe.
Daftarini nimeandika: vali, robo mzunguko. Hakuna.
Vali, robo mzunguko kasoro kidogo. Hakuna.
Vali, robo, na pumzi moja.
Nangoja ipoe.