Hatua Sitini na Moja

Kila Jumanne naegesha lori uani kwa Heulwen,
bondeni Wales, kwenye mvua isiyojua kupiga hodi.
Kazi yangu ni mayai: napakia, nasaini, naondoka.
Lakini kreti ni nyingi na macho hayalipiwi,
basi nimewatazama kuku wale miaka minane.

Saa tatu asubuhi milango midogo hufunguliwa.
Kuku elfu sita, kwa hesabu ya karatasi,
na mbele yao konde tupu, kijani hadi kwenye uzio.
Kwenye boksi la mayai wamechorwa wakikimbia juani.
Uongo wa rangi nne.
Walikuwa wakitoka hatua tatu, nne,
wakasimama, wakainamisha shingo, jicho moja juu,
wakarudi ndani kwenye harufu kali ya mavi yao.
Mlangoni pakawa kipara, kisha tope;
mvua ikalisomba tope hadi kijitoni,
kijito kikajifunika blanketi la ukoga.

Nani angewalaumu?
Wametotolewa na mashine, mama hawamjui,
ila mifupani mwao umo msitu wa mbali, wa joto,
ambamo wazee wao walichakura chini ya majani.
Uwazi kwao si uhuru. Uwazi ni mwewe.
Hata ndege ya abiria ikipita na kivuli chake
elfu sita hukimbilia ukutani.
Na dua la kuku, wahenga walishasema halimpati nani.

Heulwen hakungoja dua.
Januari ile alichukua sepetu mbili na mpwa wake Macsen:
mierebi, mialoni, mitofaa mwitu,
fimbo elfu moja na mia moja,
kila moja ndani ya soksi yake ya plastiki.
Konde likafanana na makaburi ya askari wafupi.
Baba yake, Idwal, alitazama dirishani, kifua kikikoroma:
"Ujanani nililipwa kung'oa miti hapo hapo.
Sasa wewe unalipa kuirudisha."
Hakucheka. Heulwen naye hakucheka.

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu.
Kondoo wa jirani waliruka uzio,
mierebi arubaini ikaliwa usiku mmoja.
Mwaka wa pili, ukame.
Nikamwambia, mwenzangu, hivi ni vijiti tu.
Akanijibu kwa kunipa ndoo.

Mwaka wa tatu, Mei, nikiwa na kreti mikononi,
kuku mmoja mwenye shingo uchi,
yule wa kudonolewa na kila mtu,
akatoka. Hatua tano. Sita. Mwerebi wa kwanza.
Akasimama penye kivuli kisichozidi upana wa ungo
akachakura.
Hakufunzwa na yeyote; mwana wa kuku hafunzwi hilo.
Halafu wakawa wawili.
Halafu kreti ikanielemea nikaiweka chini.

Sitasema ni peponi. Mbweha naye amekipenda kivuli;
asubuhi nyingine Heulwen huokota manyoya bila neno.
Benki bado inadai.
Ila shingo zimeota manyoya,
blanketi la kijito limetoboka,
na yule ndege mdogo wa kifua cheupe
anayetembea chini ya maji kama aliyepoteza pete,
ambaye Idwal alidhani amemzika pamoja na utoto wake,
amejenga kiota darajani.
Idwal hakutamka lolote.
Aliomba tu kiti chake kihamishiwe dirisha la pili.

Wiki iliyopita kiwandani walinipigia simu:
yai moja limefika na jani limegandia ubavuni,
huo ni uchafu, nimwonye mkulima.
Nikasema nitamwonya.
Jumanne nikasahau, maana nilikuwa nahesabu:
kutoka mlangoni hadi kwa kuku wa mwisho
hatua zangu sitini na moja.
Miti inapokoma nao hukoma, jicho moja juu.
Mbele ya hapo
Heulwen amekwisha kuchomeka vigingi.