Mikono Nyuma

Jumanne ya pili ya mwezi
Bi Kalunde hushuka kwenye basi la Tabora mjini,
vumbi la Sikonge limemkalia nyusi.
Hana sindano. Watoto walikwisha kulipekua begi:
vibanio vya nguo, udongo wa mfinyanzi,
kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Mpira ule aliuviringisha kwenye penseli ya Mihayo
ikanenepa kama muhogo,
na vidole vinavyojikunja kama kifauwongo kilichoguswa
vikapata pa kushika.

Fundi Nkwabi alilikata dawati nusu duara,
ungedhani ubao umeng'atwa,
ili kifua kiingie, viwiko vilale.
Hela alikataa.
Aliomba tu aje kuona mtoto akikaa.

Mgumu kufundishika nilikuwa mimi.
Miaka miwili nimemfunga Mihayo vifungo vya shati,
sekunde tano, haya, twende mstarini.
Nilijiona mwema.
"Mwalimu," akasema Bi Kalunde, "mikono nyuma."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kifungo cha kwanza: kengele ikalia.
Kikamteleza. Akaanza upya.
Huko nje wakaimba wimbo wa taifa, wakaumaliza.
Ute ukamdondokea kwenye kola
na mkono wangu ukachomoka wenyewe,
nikaukamata kwa mwenzake.
Haraka haraka haina baraka:
mara ngapi nimeiandika ubaoni
kwa mwandiko safi,
na hapa nimesimama natetemeka
kwa kuwa mtoto anavaa.

Maana upesi wangu ulikuwa wizi.
Kila asubuhi nilimwibia sekunde tano
akabaki na deni la siku nzima.

Kifungo cha pili kikaingia tundu la tatu.
Niliona. Bi Kalunde aliona. Tukanyamaza.
Mihayo akalitazama shati, upande juu, upande chini,
akavuta pumzi,
akasema kwa ulimi wake unaochelewa:
"Li-me-pa-nda ki-li-ma."
Wenzake waliokuwa wakichungulia dirishani
wakaanguka kwa kicheko, na yeye wa kwanza wao.

Likabaki hivyo hivyo, shati,
hesabu, uji, Kiswahili, hadi saa tisa.

Mama yake akaja na baiskeli,
utomvu wa tumbaku umemkaukia vidoleni.
Akaliona shati. Mkono ukaenda.

Nikakohoa.
Lakini ni Mihayo aliyesema:
"Ma-ma. Nyu-ma."