Namna ya Kutua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Soroti.
Uwanja bado una umande na mavi ya mbuzi.
Nawapanga wasichana mbele ya kreti ya soda:
panda, ruka, tua.
Nyuso sizitazami. Natazama magoti.

Nina chaki, nina kamba ya kushonea magunia,
nina kipimapembe cha mwalimu Opolot wa hesabu
ambacho, kusema kweli, sijamrudishia tangu muhula uliopita.
Kutoka nyonga hadi kilegesambwa,
kutoka hapo hadi kifundo cha mguu,
kamba inyooke.
Kwa Amuge haikunyooka.
Alipotua, magoti yake yalisogeleana yakanong'ona
kama wambea wawili kwenye foleni ya bomba.

Na Amuge ndiye kila mtu anayependa kumtazama!
Kiwiko chake hupinda kinyumenyume,
kidole gumba hukilaza juu ya kigasha,
akiinama, viganja vyote viwili vinapapasa vumbi,
wenzake wanapiga makofi.
Mimi sipigi.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
ila huyu amezaliwa amekunjwa;
nani atamfundisha kukaza?

Mwaka ule, Lira, robo ya tatu,
tunaongoza kwa mabao mawili,
niliudaka juu ya vichwa vyao wote.
Mpira wa pete una sheria katili: ukidaka, simama.
Mwili wangu ulitaka kwenda, sheria ikakataa,
wakapelekana kwa goti likaamue.
Goti halikupiga kelele. Lilisema ko,
kama mgeni aliyebisha hodi mara moja
akaondoka.

Mama alisema ni nyonga za kike, ndivyo Mungu alivyoziumba.
Daktari wa mifupa Kampala alisema bei.
Hakuna aliyesema misuli ya nyuma ya paja.
Hakuna aliyesema: binti,
makalio yako yamelala, yaamshe.

Acom naye ni mkavu kama ubao wa mninga,
vidole vya miguu anavisikia kwa jina tu.
Lakini kila siku anakuja kwa baiskeli kutoka Arapai,
nyuma mdogo wake, mbele gunia la mihogo,
na kamba kwake inanyooka hadi naona wivu.
Ila anatua kama tofali. Goti halikunji.
Kishindo kinafukuza kunguru.

Nimekata mpira wa ndani wa gurudumu,
nimewavisha wote juu ya magoti:
haya, ubavu-ubavu, tembeeni kama kaa.
"La moto au wa majini, kocha?" anauliza Acom.
Subiri. Mapaja yatakujibu.
Kabla hawajafika mstari wa pili
yalikuwa yameshajibu, nao wakanitukana kwa Kiteso
wakidhani sisikii.

Wiki ya sita. Amuge juu ya kreti.
Anavuta pumzi, anatazama mbele, siyo chini,
anaruka,
na mimi nasikia mbuzi, nasikia pikipiki ya mbali,
yeye simsikii kabisa.
Napiga goti moja, lile ninaloweza, naweka kamba.
Karibu inyooke.
La kushoto bado lina umbea kidogo.

"Vipi?" ananiuliza, bado ameinama,
mikono mbele kama aliyebeba sinia.

Rudia, nikamwambia.
Jua lilikuwa limeshuka nusu ya mwamba.
Nikainuka kwa mguu wa kulia, ule mzima,
nikafuta chaki kwenye sketi.