Kiwiko cha Mpira

Marsedi aliyoniachia Famau ilikuwa na tabia.
Ya kwanza kwenda ya pili, sawa, kwa heshima.
Ya pili kwenda ya tatu, hapo ndipo:
injini inalia, inalia, unahesabu mpaka sita,
halafu teke
moja la kiunoni, kama punda aliyekumbuka deni.

Watu wa Malindi hawana uchoyo wa ushauri.
Shemeji: iuze kwa kilo.
Fundi wa kwanza, Majengo, hakufungua hata boneti.
"Giaboksi imekufa, Sista. Elfu tisini."
Wa pili alitaka kuing'oa otomatiki yote
anitilie gia za mkono, za pikapu,
nijifunze klachi na miaka yangu sitini na tatu.
Wa tatu akamwaga oili mchangani bila kuuliza,
akatia mpya, nyekundu kama sharubati ya futari,
akala elfu nane,
na teke likabaki palepale, penye tuta la Barani.

Kahindi Mwaringa hana kibao.
Ana nusu kontena, Kisumu Ndogo, na redio isiyo na mgongo.
"Washa. Ipate joto kwanza."
Akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta,
akanusa.
Mimi nimenusa vidonda miaka thelathini na mbili, wodi ya wanaume.
Namjua anusaye kwa kujua
na anusaye ili aonekane.
"Haijaungua," akasema. "Mgonjwa wako hana saratani."

Tukazunguka hadi Casuarina. Yeye alikaa nyuma,
kiganja sakafuni, macho kayafumba.
Teke lilipokuja hakushtuka.
"Gia zina nguvu, Sista. Zinachokosa ni habari."

Habari!
Akanionyesha: kijibomba chembamba kuliko mpira wa dripu,
kinatoka kwenye injini, kinashuka ubavuni mwa giaboksi.
Hakipitishi mafuta wala maji. Kinanyonya tu.
Kwa mnyonyo ule giaboksi hujua
umekanyaga kwa hasira au kwa adabu.
Mnyonyo ukivuja,
inadhani siku zote una hasira.

Akajilaza juu ya gunia, akachomoa ncha,
akachungulia kama ina oili. Kavu.
Nikasema alhamdulillahi, yeye akasema amina.
Akaitia mdomoni, akanyonya, akaziba kwa ulimi.
Kingekuwa kizima, ulimi ungenasa.
Haukunasa.
Akakifuata kwa vidole, taratibu,
kama ninavyotafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji,
mpaka kwenye kona, nyuma ya pampu:
kiwiko cha mpira, ukubwa wa korosho,
kimepasuka upande usioonekana.

"Hamsini," akasema.
"Elfu?"
"Shilingi. Ya kazi utaona mwenyewe."

Akakigeuza juani. Ndani ya ufa vumbi lilikuwa limeganda.
"Huu si wa juzi. Miaka saba, minane."
"Haiwezekani. Akiendesha mume wangu haikupiga."
Kahindi akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.
"Basi alikuwa anajua.
Kuna wanaojua. Ikikaribia ya tatu,
wanaunyanyua mguu kidogo kwenye mafuta,
wanaipa nafasi, inapita."

Nilimpa elfu tatu, nikajiona mwizi.

Siku ileile nikashika njia ya Mambrui.
Ya pili, ya tatu, ya nne: sikuhisi kitu,
kama shuka linapobadilishwa chini ya mgonjwa
na asiamke.
Nikaukumbuka ule mguu, kiatu cha kamba, kisigino kimelala.
Anasimulia bei ya saruji, au harusi ya nani,
mguu unanyanyuka, unarudi,
maneno hayakatiki.
Miaka yote ile nimekaa kando yake
na mkoba mapajani,
sista mzima,
sikujua kuna kilichokuwa kikiuma.

Kabla ya daraja la Sabaki gari ikakaribia ya tatu.
Haikuhitaji tena.
Nikaunyanyua mguu vilevile.